Nyasi Zilizoshindwa Usaili

Nchi hii iko mbali sana na kwenu, kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Inaitwa Jamhuri ya Utulivu Kamili. Ina milima upande wa bara na bahari upande wa pili, na raia wake wana furaha kwa mujibu wa Sheria Namba Tatu. Mimi sina ugomvi nayo hata kidogo. Nasimulia tu habari ya mwanamke mmoja wa huko, Mwatime, aliyekuwa mtafiti wa malisho, na nikikosea mahali, kosa ni la aliyenihadithia.

Mwatime alizaliwa Chumvini, kijiji cha pwani ambako maji ya bahari yalikuwa yakipanda mashambani mwaka hadi mwaka, mpaka ardhi ikafanya ukoko mweupe. Mahindi yalikwenda kwanza. Migomba ikafuata. Mwisho zikaenda nyasi, na nyasi zilipokwisha, ng'ombe wakaanza kula makuti ya mapaa. Shangazi yake, Bi Mishi, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Wakati habari hii inaanza alikuwa nao watatu, na mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara.

"Masika haya yakipita bila malisho," alisema Bi Mishi, "namwita mchinjaji, nafunga mlango wangu, naondoka. Na nikiondoka mimi nani atabaki hapa? Wewe na kaa?"

Hakuwa anatania. Nyumba saba zilikuwa zimekwisha kuhamwa, na waliobaki walikuwa wakimtazama yeye. Bi Mishi akitia kufuli, Chumvini imekwisha.

Lakini Mwatime alikuwa na dawa. Kwa miaka mitatu, katika kituo kidogo cha utafiti nje ya kijiji, alikuwa akichagua nyasi. Alianza na aina arobaini na moja, kila moja na kitalu chake na kibao chake cha namba. Mwaka wa kwanza alizinywesha maji matamu makopo manne kwa kopo moja la maji ya bahari, na nyingi zikafa kabla ya Ramadhani. Mwaka wa pili akazinywesha nusu kwa nusu, zikabaki sita. Mwaka wa tatu akawaleta ng'ombe wa shangazi yake waonje, maana nyasi inayoishi lakini hailiki ni pambo tu. Nambari Nane ilistahimili chumvi ajabu, ila ng'ombe aliinusa, akamtazama Mwatime usoni, akageuka akaenda zake. Nambari Thelathini alikula mmoja, akaharisha siku mbili. Nambari Kumi na Saba waliila mpaka kwenye udongo, kisha wakalamba na kibao.

Haikuwa nzuri kwa sura, hiyo Kumi na Saba. Ilikuwa fupi, rangi ya majivu, na asubuhi majani yake yalitoka jasho la chumvi, punje ndogo ndogo, ukilamba unaisikia ulimini. Lakini iliota, na ukiikata ilirudi. Mwatime aliigawa mashina na kuyagawa tena mpaka vitalu vikajaa, vya kutosha bonde zima la Chumvini. Akawa anaisalimu kila asubuhi, jambo ambalo halimo katika taratibu za utafiti.

"Miaka mitatu mtu anachagua nyasi!" shangazi yake alimcheka. "Wenzio wamechagua waume, wamewaacha, wamechagua wengine. Mchagua nazi hupata koroma, mwanangu."

"Nimeshapata, shangazi. Bado kupitishwa tu."

"Kupitishwa na nani tena? Ng'ombe si wamekwisha kupitisha?"

Bi Mishi, maskini, alikuwa hajaielewa Serikali.

*

Katika Jamhuri ya Utulivu Kamili hakuna kinachopandwa mpaka kiteuliwe, na nyasi huteuliwa na Kamati Kuu ya Taifa ya Kuteua Nyasi, iliyo chini ya Wizara ya Malisho, Sherehe na Mambo Yanayofanana. Kamati hukaa mji mkuu, huko juu milimani kwenye ukungu, siku mbili kwa basi kutoka baharini. Usaili ulikuwa uwe wiki tano kabla ya masika. Mwatime alipiga hesabu zake akaona muda unatosha. Wiki mbili za kwanza za mvua ndizo zenye maana kule pwani: maji hulainisha ule ukoko na kuisukuma chumvi chini, na shina lililopandwa wakati huo hushika. Ukichelewa, jua linairudisha chumvi juu, na ndiyo kwaheri mpaka mwakani.

Alifanya jambo moja la busara, akajipongeza kwa hilo njia nzima. Aliiandikia Kamati kwamba nyasi zote zitakazosailiwa zipandwe katika udongo mmoja, udongo wa Chumvini wenyewe, ili haki itendeke. Kamati ikakubali siku hiyo hiyo bila kikao. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka.

Malori matatu yakapeleka magunia ya udongo mji mkuu. Mwatime alipofika uwanja wa usaili alikuta nyasi za mikoa yote, maana kanuni inataka kila mkoa uwakilishwe, hata ule wa jangwani, ambao ulileta mwiba. Hoteli moja kubwa ilileta nyasi za plastiki, na barua ya maombi iliyopigwa chapa vizuri kuliko zote. Na katikati, kwenye kivuli cha turubai, zilikaa nyasi za Mkoa wa Kilele, ndefu, za kijani kibichi, zimezoea mvua ya kila siku. Kilele ndiko nyumbani kwa Mheshimiwa Waziri, Profesa Kigongoti. Nasema tu kwamba ndiko nyumbani kwake.

Maandalizi yote yalikuwa mikononi mwa Bwana Tindwa, Katibu wa Usafi na Unadhifu, mtu mpole, mwenye leso tatu mfukoni. Mnapaswa kuelewa desturi ya nchi ile. Kitu chochote atakachokitazama Waziri lazima kisafishwe kwanza. Mawe hupakwa chokaa, mbuzi huogeshwa, na wagonjwa huambiwa wasikohoe. Bwana Tindwa alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita bila lawama, na alipofungua magunia ya Chumvini akauona ule ukoko mweupe, alishika kifua.

"Udongo mchafu hivi!" alisema. "Tena una ukungu. Mheshimiwa auone huu?"

Akaita gari la zimamoto. Kwa siku nane udongo wa Chumvini ulioshwa kwa maji matamu ya mlimani, ukakamuliwa, ukaoshwa tena, mpaka maji yaliyotoka chini yakawa ya kunyweka. Siku ya tisa wakaunyunyizia marashi kidogo.

Mwatime alifika wanamalizia. Alichota udongo kwa kidole, akauonja. Haukuwa na chumvi hata ya kutosha yai. Akaketi juu ya gunia.

"Bwana Tindwa, umefanya nini? Ule haukuwa uchafu. Ule ndio mtihani wenyewe!"

"Bi Mwatime," alijibu Bwana Tindwa kwa upole, akimpa leso moja, "mtihani gani mchafu vile?"

Alimweleza. Alimwelezea chumvi, mizizi, ng'ombe, shangazi. Bwana Tindwa alisikiliza yote, kwa kweli alisikiliza, kisha akasema kwamba akipata maombi kwa maandishi ya kuuchafua udongo upya, anaweza kuyafikiria baada ya usaili.

*

Nyasi zilipotimiza mwezi tangu zipandwe, Waziri akaja na tarumbeta. Alisimama mbele ya vitalu, akakohoa, akaanza.

"Ndugu wananchi, ndugu wanakamati, na ndugu nyasi! Serikali yenu sikivu imekisikia kilio cha pwani. Wapo wanaosema ardhi ya pwani ina chumvi. Mimi nimesimama hapa, nimekanyaga udongo wa Chumvini kwa viatu vyangu hivi, na nawatangazia: chumvi sikuiona! Chumvi ni fikra. Na fikra mbaya tutazipiga vita mpaka ziombe radhi!"

Makofi yalipigwa dakika nne, na mtu mmoja aliyeacha mapema aliandikwa jina.

Matokeo yalikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Nyasi za Kilele, katika udongo mtamu wenye marashi, zilikuwa zimefika kiunoni. Zikapewa ushindi na jina jipya, Fahari ya Taifa. Za plastiki zilishika nafasi ya pili kwa nidhamu na kutobadilika rangi. Nambari Kumi na Saba ilikuwa ya mwisho, nyuma ya mwiba. Kwenye udongo mtamu haina haraka, wenzake wenye pupa waliipita wakaifunika jua. Kamati iliandika: "Imedumaa. Haina bashasha. Rangi yake inavunja moyo."

Mwatime aliomba kusema. Aliambiwa nafasi ya wenye maoni tofauti ipo, ila imejaa.

Basini alilia kutoka stendi mpaka daraja la pili, na hakuona haya. Hakulilia ushindi. Aliwaona wale ng'ombe watatu, na aliuona mlango wa shangazi yake na kufuli.

*

Fahari ya Taifa ikaletwa Chumvini kwa gwaride. Waziri alipanda shina la kwanza kwa koleo la fedha, akapiga picha na ng'ombe mmoja wa Bi Mishi, ng'ombe akishikiliwa na askari wawili asianguke kwa njaa. Siku ya tatu nyasi zikawa njano. Siku ya sita ukizishika zinavunjika. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba Fahari ya Taifa imeingia katika kipindi chake cha mapumziko, na wananchi waiombee.

"Haijapumzika, imekufa," alisema Bi Mishi. Akamwita mchinjaji. Mchinjaji alikuja, akawapapasa ng'ombe migongo, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema atarudi masika yakiisha, labda watakuwa wameshiba maji. Bi Mishi alianza kufunga vyombo vyake kwa mikeka.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne. Alhamisi akafika Bwana Tindwa, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, mkononi ana bahasha.

"Bi Mwatime, pole sana," alisema. "Ni Kanuni ya Arobaini na Nne. Watahiniwa walioshindwa hawaruhusiwi kubaki katika vituo vya Serikali. Wanatia mashaka uteuzi. Nambari Kumi na Saba itabidi ing'olewe yote, isisalie hata mzizi, ikatupwe."

Mwatime alivitazama vitalu vyake. Alihisi kama anaambiwa akamtupe mtoto.

"Ikatupwe wapi?"

Bwana Tindwa akasoma polepole, kidole kwenye mstari. "'Mahali palipothibitishwa na Serikali kwamba hapaoti kitu.'" Akakunjua ramani ya Taifa juu ya meza, akaitafuta wilaya, akaweka kidole. "Lo, bahati iliyoje! Ni hapa hapa. Bonde la Chumvini. Limepigwa muhuri kabisa: Hapaoti Kitu."

Mwatime alitazama dirishani. Bonde lilikuwa hatua mia tatu kutoka pale, limelowa, ukoko umelainika, chumvi inateremka. Akageuka kutoka dirishani, ameinamisha kichwa kama mtiifu.

"Serikali ikisema," alijibu, "mimi nani nikatae?"

"Nilijua wewe ni mtumishi mwema. Lakini si kuvurumisha, tafadhali." Bwana Tindwa alitoa kamba mfukoni, chini ya leso. "Miaka ishirini na sita sijatupa kitu ovyo. Tutatupa kwa mistari."

Kanuni ilitaka mashahidi, basi kijiji kizima kikaitwa. Bi Mishi alikuja mbio, akaona mashina yanang'olewa yanapangwa kwenye matenga, akapiga ukemi. "Enyi watu! Hata hizi mnazitoa? Miaka mitatu ya mtoto wa watu! Mna roho kweli nyinyi?"

Mwatime alimvuta pembeni, akamnong'oneza. Bi Mishi akatazama bonde, akamtazama Bwana Tindwa aliyekuwa akinyoosha kamba huku amefumba jicho moja, kisha akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakawa yanamtikisika. Waliokuwa mbali walidhani analia.

Walitupa siku mbili. Bwana Tindwa alitaka mstari na mstari uwe hatua moja. Alitaka kila shina liwe na shimo lake, maana zikirundikwa pamoja zitanuka. Alitaka zifunikwe udongo, kwa sababu taka za Serikali hazilali wazi wapita njia wakazisema. Aliona shina moja limelala upande, akarudi mwenyewe, akalisimamisha, akalishindilia kwa kisigino. Mwatime alitembea nyuma yake hana la kurekebisha. Katika maisha yake hakuwahi kuona nyasi zimepandwa vizuri vile. Alasiri ya pili, Bwana Tindwa alipokuwa akitia saini, mvua kubwa ikashuka, akaomba radhi kwa niaba ya hali ya hewa.

*

Mchinjaji alirudi masika yalipoisha, kamba begani. Alisimama ukingoni mwa bonde muda mrefu. Kisha akamsalimia Bi Mishi, akauliza habari za afya, akaondoka na kamba yake. Ng'ombe hawakuinua hata vichwa. Mmoja alikuwa na ndama wiki iliyofuata, na Bi Mishi akaifungua ile mikeka, akavirudisha vyombo vyake mahali pake kimoja kimoja, akiimba vibaya.

Bwana Tindwa naye akaja kukagua. Fomu yake ilikuwa na maswali mawili: Je, zimetupwa? Je, eneo limebaki kama lilivyothibitishwa? Alisimama katikati ya bonde, nyasi zimemfika magotini, jasho lao la chumvi likimchafua suruali, akaandika: "Ndiyo. Hapaoti kitu." Ramani ya Taifa haiwezi kukosolewa na majani. Kisha Bi Mishi akamkaribisha chai ya maziwa barazani.

"Maziwa mazito haya," Bwana Tindwa alisema, akifuta midomo. "Ng'ombe wenu wanakula nini, mama?"

"Wanakula hayo uliyoandika hayapo, baba."

Bwana Tindwa alikitazama kikombe. Akaitazama fomu. Akafikiri kwa muda unaomfaa mtumishi wa cheo chake, kisha akaomba kikombe cha pili.

Wiki ile Mwatime alipata barua mbili. Moja ilimpongeza kwa kutupa kwa unadhifu. Ya pili ilifunga utafiti wake na kuamuru jalada lake litiwe muhuri, kwa kuwa halikuzaa matunda. Aliisoma hiyo ya pili mara mbili, na ilimuuma. Miaka mitatu, na Kumi na Saba haitaandikwa popote.

"Inakuuma?" aliuliza shangazi yake.

"Inaniuma."

"Haya, iache iume, halafu uje kukamua. Ng'ombe hawasomi majalada."

Habari husafiri. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, watu wa vijiji vingine vya pwani wakaanza kuja na vikapu, wakimwomba Mwatime mbegu. Aliwaeleza kweli tupu: kugawa nyasi isiyoteuliwa ni kosa la jinai. Lakini kutupa ni wajibu, na huko kwao, kwenye ramani, si pia hapaoti kitu? Wakasema kumbe. Basi kila asubuhi ungewakuta bondeni wamepanga foleni, kila mmoja na tenga lake, wamekuja kuisaidia Serikali kutupa taka.

Wiki ya pili ya mvua likafika gari jeusi lenye mapazia. Dereva alishuka, akamwita Mwatime pembeni, akasema kwa sauti ya chini. Kumbe Mheshimiwa Waziri naye ana shamba pwani, kaskazini kidogo, na ng'ombe arobaini wa maziwa. Alipanda Fahari ya Taifa shamba zima. Imepumzika yote. Ng'ombe wamebaki ishirini na wawili. "Mheshimiwa anaomba taka kidogo," alisema dereva. "Gunia moja tu. Na asitajwe."

Mwatime alikuwa na mengi ya kujibu, miaka yake yote mitatu ilimjaa mdomoni. Bi Mishi akamtangulia.

"Mwambie kuchukua taka hizi hatumwi mtu. Kanuni inataka mwenyewe na mashahidi. Aje azitupe kwa mkono wake, kwa mistari."

Nimeambiwa alikuja Jumamosi, bila tarumbeta, amevaa kofia ya kumfunika macho. Wakamwachia kipande cha bonde ajifunzie. Profesa Kigongoti, Waziri wa Malisho, aliinama kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, akachimba shimo, akalichukua shina la Kumi na Saba, akaligeuza huku na huku, akalitia majani ndani na kufukia vizuri, mizizi imebaki inaning'inia juani. Bi Mishi akapiga magoti kando yake, akalifukua, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kuandika.

"Mizizi ndiyo inayokwenda chini, mwanangu," alisema. "Anza tena."